Kaka ana 212, mdogo ana sifuri: uchambuzi wa kisa cha kipimo cha kalsiamu ya moyo

Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha ndugu wawili wa tumbo moja, wakazi wa mji mmoja wa pwani, waliopigwa CT-skani ya kupima kalsiamu ya moyo siku moja kwenye mashine moja. Mmoja alitoka na namba iliyoitia familia nzima hofu, mwingine akatoka na sifuri. Nimekiandika kwa ajili ya madaktari na wauguzi wa kliniki za kawaida, na kwa yeyote anayeombwa ushauri na jamaa zake kuhusu kipimo hiki. Majina hayamo, umri na kazi vimebadilishwa kidogo, na wahusika wameridhia. Nitawaita Kaka na Mdogo.

Msiba ulioanzisha yote

Walikuwa watatu wa kiume. Mkubwa wao wote alifariki ghafla akiwa na miaka 54. Usiku kucha alilalamika kiungulia, akanywa dawa ya tumbo, akajilaza. Alfajiri mkewe alimkuta ameshakata roho. Alizikwa siku hiyohiyo baada ya adhuhuri na maiti haikuchunguzwa. Kwa hiyo tukisema alikufa kwa ugonjwa wa moyo tunakisia, ila ni kisio lenye nguvu, na kliniki tulilipa uzito wake: baba au ndugu wa kiume aliyepatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 55 huongeza hatari kwa wanaobaki.

Kaka ana miaka 51 na anauza vifaa vya ujenzi. Havuti sigara. Presha aligundulika nayo miaka kadhaa iliyopita, akapewa vidonge, akavimeza mpaka vikaisha, hakurudi tena kliniki. Mdogo ana miaka 43, ni karani katika jengo la ghorofa tatu lisilo na lifti. Ana kisukari cha aina ya pili, metformini anaitumia kwa kurukaruka, na anavuta kama sigara kumi na tano kwa siku.

Baada ya arobaini, mke wa marehemu ndiye aliyeshikilia kwamba shemeji zake wapimwe. Mmoja wa jamaa akaweka kwenye kundi la WhatsApp la familia tangazo la kifurushi cha uchunguzi wa moyo katika kituo kimoja binafsi. Wakalipia, wakaenda.

Skani hii inaona nini, na haioni nini

Mtu hulazwa kwenye mashine, hubandikwa waya kifuani ili picha zichukuliwe moyo unapotulia kati ya pigo na pigo, huambiwa abane pumzi kwa sekunde chache, basi. Hachomwi dawa ya rangi. Mionzi yake ni takriban milisievati 1, wakati binadamu kwa wastani hupata kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula.

Kompyuta hutafuta kwenye kuta za mishipa inayolisha moyo madoa yenye uzito wa vipimo 130 vya Hounsfield (kizio cha CT) au zaidi. Eneo la kila doa huzidishwa kwa 1 hadi 4 kulingana na lilivyong'aa, kisha yote hujumlishwa. Njia hiyo ilichapishwa mwaka 1990 na Arthur Agatston na wenzake, ndiyo maana majibu husomwa kwa alama za Agatston. Sifuri ni kwamba hakuna doa lililoonekana. Kuanzia 1 hadi 99 ni kalsiamu kidogo, 100 hadi 399 ni ya wastani, 400 na kwenda juu ni nyingi.

Kalsiamu hiyo haitokani na maziwa wala dagaa. Nalisema hili kwa sababu Kaka aliacha maziwa wiki nzima kabla ya kuonana nasi. Ni kovu la ugonjwa: mafuta yamejipenyeza kwenye ukuta wa mshipa, mwili umepambana nayo kwa miaka, na kalsiamu ikaganda palepale. Kadiri inavyozidi kuonekana ndivyo ugonjwa ulivyosambaa, na ndivyo uwezekano wa mshtuko wa moyo katika miaka ijayo unavyopanda. Kwa kukadiria hatari ya mtu asiye na dalili, kuna vipimo vichache vilivyo bora kuliko hiki.

Ila kuna mambo mawili kisiyoyaona. Hakionyeshi njia ya damu imebana kiasi gani, wala hakionyeshi mafuta mabichi ambayo bado hayajaingia kalsiamu. Ndugu mmoja nusura adhurike kwa sababu ya jambo la kwanza, mwingine kwa sababu ya la pili.

Majibu na kikao cha familia

Kaka alipata 212: alama 148 kwenye mshipa wa mbele wa kushoto na 64 kwenye mshipa wa kulia. Chini ya ripoti iliandikwa kwamba afanyiwe angiografia, yaani kupitishiwa mrija hadi kwenye moyo. Palikuwa pia na mstari kuhusu kinundu cha milimita 4 kwenye pafu. Mdogo alipata sifuri, na maneno "hatari ndogo sana".

Ripoti zilikabidhiwa kwenye bahasha mapokezi. Hakuna daktari aliyekaa nao.

Siku mbili baadaye familia ilikaa kikao. Kaka alikwishaacha kwenda dukani na alilala ameegemea mito, akiogopa kugeuka. Waliosoma neno kinundu walisema saratani. Wakaanza kuchanga fedha za safari ya India, na Mdogo akapewa kazi ya kukusanya michango na kushughulikia pasipoti, kwa kuwa ndiye mwenye moyo mzima. Ni mjomba wao aliyesema kwamba kabla ya kupanda ndege wapite kwanza kwa daktari wa hapa nyumbani.

Siku ya kliniki

Kaka aliingia taratibu, akishikwa mkono na mdogo wake. Presha yake ilikuwa 148/92. Kolesteroli yote 5.9, LDL (kolesteroli mbaya) 3.9, HDL (nzuri) 1.1, zote kwa milimoli kwa lita. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, ilikuwa asilimia 5.9, sukari imeanza kunyanyuka lakini si kisukari. Kipimo cha umeme wa moyo (ECG) kilikuwa sawa.

Nikamuuliza swali ambalo kwa ugonjwa huu halina mbadala: "Ukipanda ngazi au ukibeba mfuko wa saruji, kifua kinabana?" Akasema hapana, kabla ya majibu haya alikuwa akishusha mifuko pamoja na vijana wake na haoni tofauti yoyote.

Mdogo, aliyekaa pembeni na bahasha za picha mapajani, akadakia: "Mie ndiye kinanibana, dokta. Lakini mie si mgonjwa, mie nina sifuri."

Tukamgeukia yeye. Kwa miezi mitatu alikuwa anabanwa kifua akifika ghorofa ya tatu. Katika wiki mbili za mwisho kilianza kubana ghorofa ya kwanza, na mara moja kilimbana akitembea kutoka msikitini. Maumivu yalipanda hadi taya la kushoto, yakaisha akisimama dakika chache. Alikuwa akinywa dawa ya tumbo. Nilimuuliza kama pale walikopimwa mtu yeyote alimuuliza haya. Fomu, alisema, ilitaka jina, umri na namba ya simu.

Maamuzi na sababu zake: Mdogo

Yeye ndiye aliyekuwa wa dharura. ECG yake akiwa amepumzika ilikuwa ya kawaida, na troponini, protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo unapokufa, haikuwa imepanda. Yote mawili hayakutuliza. Maumivu mapya ya kifua yanayozidi ndani ya wiki chache, yakija kwa juhudi ndogo zaidi kila mara, huhesabiwa kuwa angina isiyo tulivu, hali inayoweza kutangulia mshtuko wa moyo, hata vipimo hivyo vikiwa safi.

Sifuri yake je? Tuliiweka kando. Kipimo cha kalsiamu kimetengenezwa kwa watu wasio na dalili. Mwenye dalili za wazi, tena akiwa na miaka 43, sigara na kisukari, anaweza kuwa na mafuta mabichi yaliyobana mshipa bila chembe ya kalsiamu. Si jambo la kila siku, lakini kwa watu wenye umri mdogo hutokea kuliko kwa wazee, kwa sababu kalsiamu huchukua miaka kujijenga.

Alipewa aspirini miligramu 300 aitafune, atorvastatini miligramu 80 (moja ya statini, dawa za kushusha kolesteroli), bisoprololi ya kupunguza kasi ya moyo, na nitrati ya kuweka chini ya ulimi. Tukaandika rufaa ya siku hiyohiyo kwenda hospitali yenye Cathlab, chumba cha kupitishia mrija wa moyo. Kama maumivu yangekuwa yametulia pale pale kwa miezi, ningefikiria kwanza CT yenye dawa ya rangi, ambayo huonyesha mshipa wenyewe ulivyobana. Kwa maumivu yanayopiga hatua kila wiki, hapakuwa na sababu ya kusubiri.

Mdogo alikataa. Karatasi inasema hatari ndogo sana, alisema, na kesho ana miadi ya pasipoti ya kaka yake. Nilieleza mara mbili. Aliyemaliza ubishi ni Kaka: "Mdogo wangu, marehemu naye alikunywa dawa ya tumbo."

Maamuzi na sababu zake: Kaka

Kwake tuliamua kutofanya angiografia. Namba 212 inasema ugonjwa upo na umesambaa, haisemi kwamba mshipa umeziba. Mrija hupitishwa kwa sababu ya dalili, au ushahidi kwamba msuli wa moyo unakosa damu, na kwake hapakuwa na lolote kati ya hayo. Utaratibu huo una madhara yake pia, ingawa ni ya nadra: kutokwa damu, kiharusi, figo kuchoka kwa dawa ya rangi. Kuna na jambo jingine. Utafiti wa ISCHEMIA, uliochapishwa mwaka 2020 kwa wagonjwa 5,179, uliwachukua watu ambao moyo wao ulithibitika kukosa damu kwa kiwango cha wastani au kikubwa lakini hali imetulia. Hata kwa hao, kuanza na mrija hakukupunguza vifo wala mishtuko ya moyo ukilinganisha na kuanza na dawa peke yake. Kaka hakuwa hata amefika huko.

Statini alianza siku hiyo, atorvastatini miligramu 40. Hapa ndipo skani ilipofanya kazi yake. Chati za hatari za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, zile za ukanda wetu wa Afrika Mashariki, hutazama umri, jinsia, sigara, presha, kisukari na kolesteroli. Kwa hesabu yao hatari ya Kaka kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ilikuwa chini ya asilimia 10 kwa miaka kumi, na mtu wa hivyo daktari angeweza kumwambia apunguze chumvi, ameze dawa ya presha, arudi baada ya miezi. Chati haimhesabu ndugu aliyekufa akiwa na miaka 54. Skani ilionyesha kwamba mishipa yake imeshaumia, na mwongozo wa kolesteroli wa Marekani wa mwaka 2018 unasema kuanzia alama 100 statini ina sababu ya kutosha.

Presha: amlodipini na losartani, lengo chini ya 130/80.

Aspirini hatukumpa. Wapo wanaoitoa kwa alama zaidi ya 100 kama hatari ya kutokwa damu ni ndogo. Kwa mtu ambaye presha yake bado iko juu, hofu ya kuvuja damu kwenye ubongo ilikuwa na uzito kuliko faida iliyotarajiwa. Tulikubaliana kulizungumza tena presha ikishatulia.

Kinundu cha pafu kilikuwa na kalsiamu ndani, kwa asiyevuta sigara, chini ya milimita 6. Katika nchi zetu, zenye TB nyingi, alama ndogo kama hizo mara nyingi ni mabaki ya maambukizi ya zamani. Hakikuhitaji skani nyingine. Kukieleza kulichukua muda mrefu kuliko mambo yote ya moyo, kwa sababu neno saratani likishatamkwa kikaoni halitoki kirahisi.

Familia ilitaka skani irudiwe baada ya miezi sita ili waone namba ikishuka. Tulikataa, na tukawaeleza mapema ili wasije wakaifanya kwingine: statini hupunguza mafuta ukutani na kuyafanya yawe magumu zaidi, hivyo alama zinaweza kupanda wakati hatari inashuka. Angeona 240 na angetupa vidonge. Kinachofuatiliwa ni LDL na presha.

Matokeo

Mdogo alipigwa picha kwa mrija kesho yake asubuhi. Mshipa wa mbele wa kushoto ulikuwa umebana kwa asilimia 85 kwa mafuta yasiyo na kalsiamu. Aliwekewa stenti moja, kibomba cha wavu kinachouacha mshipa wazi. Sehemu ya gharama ililipwa na ile michango ya India, aliyoikusanya yeye mwenyewe.

Baada ya miezi sita anapanda ngazi zake bila maumivu. HbA1c imeshuka kutoka 8.6 hadi 7.4. Anaendelea na aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, na ameelewa kwamba klopidogreli haiachwi kabla ya mwaka bila kumuuliza daktari wa moyo. Sigara aliziacha kwa wiki kadhaa, akazirudia, sasa anavuta chache. Hatujashinda hapo. Dawa za kumsaidia kuacha hazikupatikana katika maduka ya mjini kwao, na maneno peke yake hayakutosha.

Kaka hakwenda India. Presha yake ni 126/78, LDL imeshuka hadi 2.0. Amerudi dukani na ameanza kunywa maziwa.

Uchambuzi

Swali ninalotaka daktari ajiulize kabla ya kuandika skani hii ni moja: jibu likija, nitabadili nini? Kwa Kaka jibu lilikuwepo. Alikuwa katikati, hana dalili, chati inasema kidogo, historia ya familia inasema kikubwa, na uamuzi wa statini ulikuwa unaning'inia. Huyo ndiye mtu wa kipimo hiki. Kama angepata sifuri, hata historia ya ndugu yake ikizingatiwa, tungeweza kuzungumza kwa utulivu kuhusu kusubiri, huku presha ikitibiwa kwa vyovyote vile.

Kwa Mdogo hapakuwa na kitu cha kubadili. Mwenye kisukari aliyevuka miaka 40 anastahili statini bila kupimwa kalsiamu. Mwenye maumivu ya kifua anastahili uchunguzi wa maumivu hayo. Mvutaji anastahili kusaidiwa kuacha. Mambo yote matatu yangejulikana kwa mazungumzo ya dakika kumi na tone la damu, kwa bei ndogo kabisa ukilinganisha na kifurushi. Mwongozo huohuo wa 2018 unaoruhusu kuahirisha statini kwa mwenye sifuri unawatenga kwa kuwataja wenye kisukari, wavutaji, na wenye historia nzito ya familia. Mdogo alikuwa na yote matatu. Nakazia hapa kwa sababu sifuri ina sifa nzuri, na inaistahili: kwa mtu asiye na dalili, hatari ya miaka michache inayofuata huwa ndogo kweli. Kilichoharibika ni kuipeleka kwa mtu ambaye haikutengenezwa kwa ajili yake.

Kilichofanya kazi vizuri ni namba kumsukuma Kaka. Mtu aliyeacha vidonge vya presha kwa miaka sasa hakosi siku. Si yeye peke yake: utafiti wa EISNER wa mwaka 2011 huko Marekani uliwagawa watu kwa bahati nasibu, na waliopigwa skani walidhibiti presha na LDL vizuri zaidi kuliko wasiopigwa. Lakini msukumo huohuo ulimlaza kitandani na karibu umfikishe kwenye mrija asiouhitaji. Tofauti kati ya msukumo na hofu ni mtu wa kuelezea, na kituo kilichowapima hakikuwa naye. Ripoti ya skani bila kikao cha daktari ni kazi nusu, na kuandika "angiografia" kwa mtu ambaye hakuulizwa dalili ni kosa la kitabibu.

Je, basi kila mtu mzima apimwe? Hapana. Nchini Denmark, utafiti wa DANCAVAS uliwaalika maelfu ya wanaume wa miaka 65 hadi 74 kwenye uchunguzi mpana uliojumuisha skani hii. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha vifo asilimia 12.6 kwa walioalikwa na 13.1 kwa wasioalikwa, tofauti isiyotosha kuthibitisha kwamba mwaliko uliokoa maisha. Mwaka 2018 kamati ya Marekani inayotoa mapendekezo ya huduma za kinga ilisema ushahidi hautoshi kukiongeza kipimo hiki kwenye tathmini ya kawaida ya watu wasio na dalili. Hizo ni nchi ambazo presha inapimwa kila mahali. Kwetu, ambako wenye presha wengi hawajui kama wanayo, mashine ya presha inayofanya kazi na statini isiyoisha dirishani vitaokoa wengi zaidi.

Tahadhari nyingine ni ya kulinganisha. Ripoti ya Kaka ilimweka kwenye nafasi yake kati ya wanaume wa umri wake kwa kutumia takwimu za MESA, utafiti wa watu 6,814 wa Marekani: weupe, weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini na Wachina. Ni utafiti mkubwa wa kuheshimika, lakini haukuwagusa watu wanaoishi Afrika, wala haukuwa na kundi la Waarabu au watu wenye asili ya India, na pwani yetu ina damu zote hizo nyumba moja. Kwa hiyo alama zenyewe, 212, nazichukua kwa uzito. Nafasi yake kwenye foleni ya MESA nilimweleza kwa makadirio tu: zaidi ya nusu ya wanaume weusi wa umri wake kule walikuwa na sifuri.

Watoto wa marehemu

Mke wa marehemu alirudi baadaye na watoto wake, mmoja ana miaka 24, mwingine 19, akiomba nao wapigwe skani. Tulimwambia haitawafaa: katika umri huo kalsiamu karibu kila mara ni sifuri, na sifuri hiyo haisemi lolote. Walipimwa presha, sukari na kolesteroli. Mkubwa ana LDL ya 5.1, na kwa kijana asiye mnene hiyo inatufanya tufikirie kolesteroli ya kurithi. Tumeagiza kipimo cha tezi la shingo kwanza, kwa sababu tezi lisilofanya kazi vya kutosha nalo huipandisha, kisha LDL irudiwe. Mama yao pia atapimwa, maana urithi huo unaweza kuwa umetoka upande wake na si kwa marehemu. Ikithibitika, kijana ataanza statini mwaka huu.